Katuni ya Krismasi ya Charlie Brown wameitoa kwenye TV za bure, na wazee wetu bado wanakaa sebuleni wanaisubiri

Wakuu, habari za usiku.

Nimetoka kazini sasa hivi na silali kabla sijaandika hili. Nimelibeba tangu Desemba ya mwaka jana, leo limenifika shingoni.

Naishi St. Paul, Minnesota. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti ya jioni. Wa diaspora wenzangu mnaijua kazi hii, sina haja ya kueleza. Chakula cha jioni kikiisha tunawasukuma wazee kwenye viti vyao vya magurudumu mpaka sebuleni, blanketi mapajani, TV inawashwa. Ni TV ya ukutani inayoshika chaneli kwa antena, basi. Haijaunganishwa na intaneti, haina kifurushi chochote, na uongozi umeshasema haulipii.

Leo bibi mmoja wa miaka 86 kanishika kiganja, kaniuliza kama Charlie Brown ni leo. Jumatatu aliuliza. Wiki iliyopita aliuliza nikiwa namvalisha soksi. Zote nimemjibu, "Bado bibi, labda kesho." Mara tatu nimemdanganya mtu mzima machoni pake, kwa sababu sina moyo wa kumwambia kwamba haiji. Kesho haiji, na sikukuu yenyewe ikifika haiji. Wameichukua.

Kwa wasioijua: "A Charlie Brown Christmas" ni katuni ya dakika kama 25. Ilirushwa mara ya kwanza na CBS siku ya Alhamisi, 9 Desemba 1965. Aliyeiandika ni Charles Schulz, mchoraji wa vikatuni vya Peanuts vya magazetini, mtoto wa kinyozi aliyekulia hapa hapa St. Paul. Sanamu za shaba za wale watoto wake zipo katikati ya mji, nazipita kila nikienda kubadilisha basi. Watalii wanapiga picha nazo. Lakini ukiwasha TV ya antena katika mji huo huo mwezi wa kumi na mbili, watoto hao huwaoni.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Charlie Brown ana huzuni wakati kila mtu anashangilia. Anafungua sanduku la barua, hakuna aliyemtumia kadi. Mdogo wake Sally anamwandikisha barua kwa Baba Krismasi, na mwisho wa barua anasema kama ni kazi ngumu kuleta vitu vyote hivyo, basi alete tu noti za kumi na za ishirini. Mbwa wake Snoopy anakipamba kibanda chake kwa mataa ili ashinde zawadi ya fedha. Charlie Brown anapewa kusimamia igizo la Krismasi, watoto hawamsikilizi. Anatumwa akanunue mti, na wanautaka mkubwa wa aluminiamu, kwa sababu miaka ile miti ya bati inayong'aa ndiyo ilikuwa fasheni Marekani. Yeye anarudi na kamti kadogo ka kweli kanakopukutika. Wanamcheka mpaka anapaza sauti kuuliza kama yupo hata mmoja anayejua Krismasi ni kitu gani.

Ndipo Linus, yule mtoto asiyeachia blanketi lake mchana wala usiku, anakwenda katikati ya jukwaa, anaomba taa, anaanza kusema kwa kichwa Luka sura ya pili. Wachungaji makondeni, malaika, hofu kuu.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Akifika kwenye neno "Msiogope", Linus anaachia blanketi. Mkono unafunguka, blanketi linaanguka chini, anaendelea kusema. Hakuna anayelitaja jambo hilo, muziki haupandi kukushtua, kamera haimsogelei. Mimi nilishaiangalia miaka minne sijaona. Aliyenionyesha ni huyu huyu bibi. Tulikuwa sebuleni, nimeshika trei ya dawa, akanigonga mkononi akasema, "Tazama mkono wake sasa." Nikatazama. Nilisimama pale na trei mpaka katuni ikaisha, na mwenzangu akanifokea kwa kuchelewesha dawa.

Kazi hiyo ilinusurika kwa shida. Wakubwa wa kituo walipoonyeshwa kabla ya kurushwa hawakuipenda. Waliona inakwenda polepole, haina kicheko cha kurekodiwa kama katuni nyingine, muziki wake ni jazi ya Vince Guaraldi, na waliozisema sauti wengi ni watoto wa kweli, siyo watu wazima wanaojifanya watoto. Aliyemsemea Sally alikuwa mdogo kiasi kwamba kusoma hajui, ikabidi atamkishwe mstari mmoja mmoja. Ukisikiliza kwa makini unasikia pale sentensi zilipounganishwa, na ndiyo utamu wake. Halafu Biblia. Waandaaji wenzake Schulz, Lee Mendelson na Bill Melendez, walikuwa na wasiwasi na Biblia ndani ya katuni, Schulz akakataa kuitoa. Ikarushwa kwa kuwa ilishatangazwa na siku zimekwisha. Usiku ule karibu nusu ya TV zilizokuwa zimewashwa nchi nzima ziliitazama. Ikapata tuzo ya Emmy na ya Peabody, na ikarudi kila mwaka.

Bibi ananisimulia kwamba mwaka ule watoto wake walikuwa wadogo. Siku ya Charlie Brown walikuwa wanaogeshwa mapema, wanakaa sakafuni na nywele mbichi, na mtaa mzima ulikuwa kimya kwa sababu kila nyumba inaangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mumewe alikuwa anaimba wimbo wa mwisho pamoja na wale watoto wa kwenye katuni. Mumewe ameshafariki. Mtoto mmoja ameshafariki. Kila mwaka ikirushwa, bibi alikuwa anaimba sehemu ya mumewe.

CBS walikaa nayo mpaka mwaka 2000. Na wao hawakuwa watakatifu, matangazo ya biashara yalipozidi kurefuka walikuwa wanaikata vipande ili yaenee. Lakini ilikuwepo. Kuanzia 2001 ikahamia ABC, bado bure, bado kwa antena. Mimi hapo ndipo nilipoikuta Desemba yangu ya kwanza hapa, mgeni, baridi inakata masikio, simjui mtu. Nilikaa na wazee wanane sebuleni, nikacheka walipocheka, nikajisikia nipo nyumbani kwa watu.

Halafu Oktoba 2020 haki za kuirusha zikaenda kwa kampuni moja kubwa ya teknolojia, ambayo inaonyesha vitu vyake kwa malipo ya kila mwezi. Kumbukeni 2020 ni mwaka gani. Ni mwaka wa korona, wazee wamefungiwa vyumbani, watoto wao wanawapungia kutoka nje ya dirisha, wengine wanazikwa bila kuagwa. Mwaka huo ndio ulioonekana unafaa kuondoa katuni ya Charlie Brown hewani. Watu wakapiga kelele, ikakubalika PBS, vituo vya TV vya umma, waioneshe bure 2020 na 2021. Kelele zilipopoa, ikakatwa. Tangu 2022 ukiwa na antena peke yake, huna Charlie Brown.

Najua majibu mtakayoleta, nimeshayasikia kazini.

"Si kuna siku mbili tatu wanaifungua bure?" Zipo. Bure yenyewe lazima uwe na intaneti, uwe na programu yao, ufungue akaunti kwa baruapepe na neno la siri. Mwambieni hayo mzee wa miaka 86 ambaye kidole kinatetemeka akibonyeza kengele ya kumwita nesi. Kitu kilichokuwa kinakuja chenyewe sebuleni kwa kuwasha TV, leo anatakiwa akifuate, na njia ya kukifuata haijui. Kwangu hiyo siyo bure.

"Ni biashara, kampuni imelipa." Sawa, imelipa. Coca-Cola nao walilipa mwaka 1965, ndio walioidhamini, na jina lao lilikuwemo ndani ya katuni mwanzo na mwisho. Sijakataa watu kupata pesa. Lakini udhamini ule ulimfikishia kila mtu, mwenye nyumba kubwa na mpangaji wa chumba kimoja. Huu wa sasa unachuja watu mlangoni.

"Hiyo ni ya Wazungu, inatuhusu nini?" Inatuhusu. Sisi wa Tanzania Bara tulianza kupata vituo vya TV mwaka 1994. Tuliokuwa watoto miaka ile tunakumbuka sebule ya jirani mwenye TV, viatu vimejaa mlangoni, wengine wananing'inia dirishani, na mama mwenye nyumba hafukuzi mtu. Halafu mpira wa Ulaya ukaingia kwenye ving'amuzi, tukaishia kibanda umiza, banda la kuangalizia mpira kwa kulipa, kiingilio mkononi. Najua vizuri jinsi kitu cha watu wote kinavyogeuka kuwa cha mwenye nacho, na jinsi baada ya miaka michache watu wanavyosema ndivyo kilivyokuwa siku zote. Hapa naona kitu kile kile kinawapata watu ambao hawana hata miguu ya kwenda kibanda umiza.

Mwaka jana nilijaribu kulitatua mwenyewe. Nilijiunga, nikalipa kwa kadi yangu, nikaiweka kwenye simu. Nikasubiri muda wangu wa mapumziko, nikamfuata bibi sebuleni, nikakaa kwenye kigoda pembeni ya kiti chake, nikamshikia simu karibu na uso. Ikaanza ile sehemu watoto wanateleza kwenye barafu na kwaya ya watoto inaimba taratibu. Bibi akakunja macho. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza, akaisogeza tena. Macho yake hayaoni vitu vidogo vile. Hata hivyo akaisikiliza. Dakika kama nne hivi. Kisha akainua kichwa, akawatazama wenzake, mmoja kasinzia, wengine wanatazama kipindi cha mapishi, akanirudishia simu. Akaniuliza, "Na wao?"

Sikuwa na jibu. Nilizima simu nikarudi kazini.

Tangu siku ile nimekuwa na hasira ambayo haipungui. Bibi anaikumbuka katuni, maneno ya Linus anayajua kwa kichwa na bado anayasema vizuri kuliko anavyokumbuka jina langu. Alichokuwa anakisubiri ni kuitazama na watu. Hicho ndicho kilichouzwa mwaka 2020, na walioandika mkataba sidhani kama kuna aliyekiuliza bei.

Ninachotaka kinajulikana: irudishwe hewani hata usiku mmoja kwa mwaka, kwenye kituo kinachoshikwa na antena, kama walivyofanya 2020 na 2021. Walipofanya hivyo kampuni haikufilisika. Nimewaandikia barua kituo cha hapa, na mlioko majimbo mengine andikeni kwa vituo vyenu, kelele za mwanzo ndizo zilizotupatia ile miaka miwili.

Wakati tunasubiri, DVD yake nimeipata kwenye duka la mitumba kwa dola tatu. Deki ya kuichezea sina. Msimamizi wangu amekubali nikileta yenye waya wa HDMI itafungwa kwenye ile TV ya ukutani. Mwenye deki inayofanya kazi, yupo St. Paul au Minneapolis na haitumii, anitumie ujumbe PM, nitaifuata mwenyewe hata usiku. Nipo kazini Jumanne mpaka Jumamosi. Bibi analala saa mbili na nusu, kwa hiyo lazima tuanze kabla ya saa mbili.