Nataka kumrudisha mzee ziwani Matema pamoja na wajukuu, mama watoto hataki kusikia habari ya mtumbwi. Naomba ushauri

Baba Tumaini

Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanikosesha usingizi, naomba mnisaidie kulifikiria.

Mzee wangu ana miaka 67. Kazaliwa Kyela upande wa Ziwa Nyasa, kakulia kwenye mtumbwi. Tangu mama atangulie mbele ya haki tunaishi naye hapa Dodoma, huu ni mwaka wa sita. Mwezi uliopita nilirudi kazini nikamkuta uani na mwanangu wa mwisho mwenye miaka 7. Wamekaa kwenye gogo la mwembe tuliokata, mzee kashika mpini wa jembe anamfundisha kupiga kafi: unachovya, unavuta, mwishoni unageuza kiganja ili chombo kisiende kombo. Mtoto akamuuliza, "Babu, maji yako wapi?" Mzee hakujibu. Swali lile limenikaa kifuani hadi leo.

Nimepanga likizo ya Juni tuondoke siku nne, watu tisa: mimi na mama watoto, watoto watatu (14, 11 na 7), mzee, mdogo wangu na mkewe, na binamu yetu mmoja. Tupande Ngosi kwanza, ule mlima wa Mbeya wenye ziwa juu, halafu tushuke Matema ufukweni, watoto wapige kafi na babu yao, wavue kwa ndoana, tufike na Ikombe kwa Wakisi kuona vyungu vinavyofinyangwa.

Sasa mama watoto amegoma. Kwao ni kanda ya Ziwa Victoria, na kaka yake alizama akiwa na miaka 16, mtumbwi ulipinduka karibu kabisa na nchi kavu, watu wanaona. Anasema watoto wake ziwa wataliangalia wakiwa mchangani. Siwezi kumlaumu. Mzee naye nikimtajia jaketi okozi ananyamaza, naona kama nimemvunjia heshima. Yeye miaka yote hiyo hakuwahi kuvaa kitu.

Pia goti la kulia la mzee linamsumbua, sijui kama Ngosi ataiweza. Na binamu anataka kuja na gobore la marehemu baba yake, eti tupate kanga njiani. Hilo nalo silielewi vizuri.

Mwana wa Kajunjumele

Ugonile kwa mzee, salamu yetu ya Kinyakyusa, mfikishie.

Mkuu, kabla ya yote badilisha mwezi. Juni ni mwera. Huo ni upepo wa kusi, kuanzia Mei hadi Agosti unavuma kwa nguvu na unaweza kushika siku tatu mfululizo. Ziwa letu lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Wimbi lililozaliwa huko Malawi linakuja kuvunjikia miguuni petu. Mwulize mzee, atakuambia siku za mwera hata wavuvi wenyewe wanavuta mitumbwi mchangani na kushona nyavu.

Ngoja likizo fupi ya Septemba. Mvua bado, upepo umepungua, na Ngosi njia imekauka. Mkishafika, mwende majini saa 12 na nusu asubuhi, saa 3 muwe mmetoka. Asubuhi maji yamelala, mchana upepo unaamka.

Jambo la pili. Kwenda Ikombe kwa mtumbwi mnapita chini ya Milima ya Livingstone. Pale mlima unaingia majini wima. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 700, na upande ule hatua chache kutoka kwenye jiwe tayari hakuna pa kusimama. Kwa hiyo usijidanganye na "tutapita kandokando". Watoto wajifunzie mbele ya ufukwe wa Matema penye mchanga, Ikombe mwende kwa boti yenye mashine na jaketi za watu wote. Msisogelee mto Lufilyo unapoingilia ziwani, kule mamba wapo.

Vyungu mtaviona hata msipofika Ikombe. Soko la Lyulilo Jumamosi akina mama wa Kikisi wanavipanga hapo, mnatembea kwa miguu tu kutoka Matema.

Jembe la Mkono

Sisi tumekulia humo humo bila jaketi na tuko hai. Mpeleke mzee na watoto, mama atazoea.

Mama wa Watatu

Jembe la Mkono, walio hai ndio wanaoandika hapa. Kaka yake huyu mama hayupo kuandika.

Baba Tumaini, usimbishie mkeo na usimletee hesabu za upepo kwanza. Kaa naye umwulize: ukiona nini utaridhika? Halafu nyamaza usikilize. Mimi nilifiwa na mdogo wangu kwa maji, na kila mtu aliniambia "usiogope". Hakuna aliyeniuliza naogopa kitu gani hasa. Mimi sikuwa naogopa ziwa. Niliogopa ile nafasi ya mtu mzima kugeuka dakika moja na mtoto akawa hayupo.

Sasa jaketi. Sikilizeni wote wenye watoto. Mwaka juzi tulikwenda mahali fulani kupiga kafi, tukapewa jaketi, mwanangu wa miaka 6 akavalishwa la mtu mzima wakakaza mikanda. Kwa macho lilionekana limekaa. Kabla hatujapanda nilimshika mabega ya lile jaketi nikamnyanyua kidogo. Mtoto alibaki chini, jaketi likapanda hadi machoni, mikono imesimama juu. Nilitetemeka. Majini ndivyo lingefanya hivyo hivyo: jaketi linaelea, mtoto anateleza chini yake.

Kwa hiyo angalia uzito ulioandikwa ndani, kilo ngapi hadi ngapi, umpime mtoto nyumbani. La mtoto mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Funga, shika mabega, nyanyua. Kidevu na masikio yakizama ndani, halimfai. Nunua au azima Dodoma au Mbeya kabla hamjashuka, msitegemee ya kukuta. Fanya jaribio hilo mbele ya mkeo, yeye mwenyewe anyanyue.

Baba Tumaini

Mama wa Watatu, pole sana kwa mdogo wako, na asante. Nimemwuliza jana usiku kama ulivyosema. Ameongea karibu saa nzima, mambo ambayo miaka 15 ya ndoa sikuwahi kuyasikia. Amesema anataka vitu viwili: kila mtoto awe na mtu mzima wake mmoja aliyetajwa kwa jina, na mtumbwi usivuke mahali ambapo mdogo wangu (mrefu) anaweza kusimama maji yakimfika kifuani. Hayo naweza.

Mzee ndiye bado.

Mwana wa Kajunjumele

Mzee umwachie cheo chake. Usimwambie "vaa jaketi baba". Mwambie, "Baba, wewe ndiye nahodha, watoto hawajui maji, nani awafunge?" Yeye ndiye awavalishe, yeye ndiye apange nani akae wapi. Mtumbwi wa gogo ni mwembamba, ataka mtu wa kuuelewa: unaingilia katikati, umeinama, umeshika kingo zote mbili, unapiga magoti chini badala ya kukaa juu. Hakuna kusimama wala kugeuka ghafla kuita mwenzako. Kopo la kukumbia maji liwemo. Na watoto wajue mapema kwamba ukipinduka unaushika mtumbwi, hauuachi, maana gogo halizami. Mafunzo hayo yakitoka kwa babu yataingia kuliko yakitoka kwako.

Mkulima wa Isongole

Mimi niko karibu na Ngosi, nimepanda mara nyingi sana. Kutoka barabara kuu ya Mbeya–Tukuyu kuna njia ya vumbi hadi mahali pa kuanzia kupanda, gari la juu kiangazi linafika. Hapo hadi ukingoni mtu wa kawaida anatumia kama saa moja, na mtoto wa miaka 7 muwekee saa mbili ili asikimbizwe. Msitu ni mzito, mizizi, tope hata kiangazi, mianzi, na mwishoni mteremko unakuwa mkali unashika matawi. Ukingo uko kwenye mita 2,600 hivi, baridi ni ya kweli, leteni masweta na viatu vyenye meno. Chukueni kijana wa hapa kijijini awaongoze. Msitu ni wa hifadhi, mnalipia.

Mkifika juu mkakuta ukungu umefunika kila kitu msikate tamaa. Kaeni, leni chakula. Unafunguka. Lakini kushuka hadi kwenye maji na watoto sikushauri, ni wima na kunateleza.

Kuhusu mzee: goti linaumia zaidi wakati wa kushuka. Kama hapo Dodoma ngazi za ghorofa mbili zinamsumbua, asipande. Siku hiyo mtu mmoja aende naye Daraja la Mungu, lile jiwe lililolala juu ya mto Kiwira, gari linafika karibu sana. Asiachwe peke yake hotelini akisubiri, hilo linauma kuliko goti.

Mhifadhi Mstaafu

Nimesoma habari ya gobore. Ndugu yangu, libaki nyumbani, na kama halina leseni libaki pia kichwani mwa binamu kwamba anatakiwa kulisalimisha polisi. Silaha isiyomilikiwa kihalali ni kosa la jinai. Kuwinda bila kibali ni kosa jingine, hata kama ni kanga mmoja. Nyama hiyo ikikutwa kwenye gari ni nyara za serikali, na ndani ya gari hilo yupo mzee wa miaka 67 na watoto watatu. Nimewahi kusimamisha gari la familia kwa jambo hili hili. Kilio cha watoto wale sijakisahau.

Binamu akitaka porini kweli, mpe darubini. Kule juu kuna mbega weusi kwa weupe. Na Mlima Rungwe, jirani hapo, ndiko alikotambuliwa tumbili anayeitwa kipunji mwaka 2003. Wawindaji wa Kinyakyusa ndio waliokuwa wakimtaja siku zote, jina ni lao, watafiti wakafuatilia maneno yao. Macho ya mwindaji yana kazi hata bila bunduki.

Nesi wa Bondeni

Naongezea ya kwangu haraka. Kichocho kinapenya kwenye ngozi, dakika chache ndani ya maji zinatosha. Konokono wanaokibeba hukaa zaidi kwenye maji yaliyotulia, penye matete na majani, kwa hiyo watoto wacheze penye mchanga na mawimbi, ingawa hata hapo hatari haiishi kabisa. Wakitoka wajifute kwa taulo papo hapo. Wiki sita hadi nane baada ya safari wapimwe mkojo na choo, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu. Kyela ni joto na mbu ni wengi: neti kila kitanda, na homa yoyote baada ya kurudi pimeni malaria siku hiyo hiyo.

Baba Tumaini

MREJESHO. Tumerudi juzi, tulikwenda Septemba.

Ngosi tulifika tukakuta weupe mtupu. Tulikaa kama dakika arobaini, watoto wanatafuna mahindi ya kuchoma, wa miaka 11 ameanza kulia baridi. Kisha ukungu ukapasuka katikati, ziwa likaonekana chini kabisa, la kijani, limetulia kama mtu aliyelala. Mkubwa akauliza mto wa kutolea maji uko wapi. Kijana aliyetuongoza akamwambia haupo, maji hayana pa kutokea. Mzee siku hiyo alikuwa Kiwira na mke wa mdogo wangu, na jioni yeye ndiye aliyekuwa na hadithi nyingi kuliko sisi.

Matema asubuhi ya kwanza mzee alishika maji kwa kiganja akanawa uso, akakaa kimya muda mrefu. Hatukumsemesha. Halafu akaita wajukuu mmoja mmoja, akawafunga jaketi, akawanyanyua kwa mabega kama Mama wa Watatu alivyoeleza. Alipomaliza yule mdogo akamwuliza, "Babu, lako?" Mzee alinitazama. Nikampelekea, akavaa.

Mama watoto hakupanda. Aliingia majini hadi magotini, akatembea sambamba na mtumbwi kushoto kwenda kulia, ameshika ukingo, mtumbwi ukifika mwisho wa kamba tuliyoweka anageuka nao. Asubuhi ya pili aliuachia ukingo. Zaidi ya hapo sikumwomba.

Gobore binamu amelipeleka polisi. Watoto nitawapima kichocho mwanzoni mwa Novemba, nimeandika kwenye kalenda ya jikoni.

Mwana wa Kajunjumele

Mungu ni mwema. Samaki wetu mbasa mlipata?

Baba Tumaini

Hatukupata. Perege watatu na kambale mmoja, tukala na wali wa Kyela. Mzee anasema mbasa wanapandisha mito mvua zikianza, na mimi nilimpeleka mwezi wa watu wasiojua samaki. Ameshaniuliza likizo ya Desemba inaanza lini.