Vinundu kwenye mguu wa matende: kinyama cha kipimo (biopsi) kimerudi hakina kitu

Tabibu_Pwani
Wakuu, mguu wa matende ya miaka mingi umetoa vinundu vyekundu-zambarau chini ya goti. Ni vigumu, haviumi, vinakua kila wiki. Antibiotiki za siku 10 hazikuvigusa. Panchi (kinyama kilichotobolewa kwa kifaa cha duara) ya mm 3 imerudi "inflamesheni sugu". Tusubiri au turudie?

Daktari_wa_Ngozi
Rudia, tena wiki hii. Selulaitisi (maambukizi ya bakteria kwenye ngozi) huja ghafla na homa, mguu unawaka moto, kisha dawa huituliza. Kinundu kinachokua bila homa kihesabiwe saratani mpaka kinyama kikane. Limfu (majimaji ya mwili yanayobeba seli za kinga) ikituama miaka mingi, seli za kinga hazizunguki ipasavyo na ulinzi wa mguu huo hulegea. Ndipo huota saratani: Kaposi (kwetu ifikiriwe hiyo kwanza), anjiosakoma (saratani ya mishipa) ambayo Stewart na Treves waliieleza 1948, na mara chache limfoma (saratani ya seli za kinga) ya ngozi.

Ngozi ya matende ni nene. Mm 3 mara nyingi huishia juu, na limfoma ya seli B (aina mojawapo ya seli za kinga) hukaa chini. Kata kwa kisu, umbo la jicho, mpaka uyaone mafuta. Chagua kinundu kipya, achana na katikati ya kidonda: pale ni seli zilizokufa. Predinisoloni (dawa ya steroidi) isitangulie, huweza kuyeyusha limfoma ukakosa jibu.

Maabara_ya_Tishu
Naongeza: msikiminye kinyama kwa koleo. Limfosaiti (seli za kinga) zikibanwa huwa michirizi isiyosomeka. Kihifadhini kwenye fomalini ya asilimia 10, mara 10 ya ujazo wa kinyama. Na tafadhali andikeni kwenye fomu "matende ya muda mrefu, limfoma?" Fomu ikisema "kidonda mguu" tu, nani ataomba vipimo vya alama za seli, CD20 (ya seli B) na CD3 (ya seli T)? CD20 ikishika tunaongeza BCL2 na MUM1; HHV-8 (kirusi) ni ya Kaposi, CD31 na ERG ni za mishipa.

Tabibu_Pwani
Shukrani. Kidonda kitafunga kweli?

Daktari_wa_Ngozi
Kitavuja limfu, usishtuke. Nyuzi zikae siku 14 hivi, mguu uinuliwe, bandeji ya kubana ifungwe ukishahakikisha mapigo ya unyayoni yapo. Kausha katikati ya vidole, bakteria hupitia hapo.

Wakati unasubiri jibu, pima VVU na homa ya ini B (rituximab, dawa ya limfoma ya seli B, huweza kukiamsha kirusi hicho), papasa mitoki. Ikithibitika limfoma, CT ya kifua, tumbo na nyonga. Aina kali ya seli B ya mguuni hutibiwa kwa R-CHOP (rituximab pamoja na dawa za kemo), mionzi ikiongezwa panapofaa; kinundu kimoja cha aina ya polepole huenda kikahitaji mionzi peke yake. Kwa hiyo mtu asizungumzie kukata mguu kabla jibu halijafika.