Naomba ushauri: gesti ya Mikindani imenikata maini

Wakuu, shikamooni wakubwa. Nimewaleta wakwe zangu Mikindani waone mji wa kale na ghuba yake. Gesti niliilipia yote kwa simu kabla ya kuja. Picha zilionyesha baraza inayotazama bahari. Tulichopewa ni vyumba vya nyuma, feni imekufa, chandarua kina matundu ya kupita panya, maji ya ndoo. Kwa joto hili la Mtwara! Mama mkwe hasemi kitu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Meneja anasema pesa ikishaingia hairudi, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatoi. Nimdai nusu tuhamie Shangani, pale Mtwara mjini, au nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani, wanaotetea walaji? Ujumbe wa malipo ninao. Mnaoijua kusini nisaidieni leo, kesho tunaelekea ufukwe wa Msimbati.