Unga uitwao 'kama' toka Estonia, mtindi wa hapa Tanga utafaa?

Binti Makorora: Habari zenu wapendwa, kaka kaniletea pakiti ya unga toka Estonia kule Ulaya, jina lake 'kama', nimefungua unanukia km karanga za kukaanga, anasema kule wanakoroga na maziwa yaliyochacha wanakunywa bila kupika, sasa mtindi wetu utafaa au tumbo litaniuma?

Mpwa wa Pongwe: Utafaa sana dada. Ni shayiri, rai (nafaka jamii ya ngano), oti na njegere, vyote vimekaangwa kabla ya kusagwa ndo maana hauhitaji moto. Wenyewe wanatumia kefiri (maziwa ya kuchachusha km mtindi mwepesi) au maziwa yaliyotolewa siagi. Weka vijiko viwili glasi moja, koroga, uache dakika 10 uvimbe maana ukinywa hapohapo utausikia km mchanga kwenye meno. Sukari au asali, wengine chumvi.

Mama Raskazone: Mwanangu mtindi usiuchemshe tu, utakatika. Mi nilikaanga mahindi na dengu nikapeleka mashineni, nikakoroga na mtindi mzito, watoto waligombania mpaka ukoko wa jagi

Binti Makorora: Shikamoo mama, asanteni wote, nimeuacha umelainika kweli, ule uchachu na harufu ya kukaanga vimependana jamani. Dengu uliweka kiasi gani?