Msaada wakuu: nimekata shina la yuka nikapanda, vipande vinaoza

mama_kibaraza
Habari za humu wakuu. Nina yuka nilinunua kwa wauza maua wa barabarani ikiwa inanifika magotini, sa hivi imegonga paa la kibaraza na kichwa kimeanza kujikunja. Baba watoto kasema iondoke, mimi roho ikaniuma kuitupa, nikachukua msumeno nikaikata vipande vinne, kila kimoja kama urefu wa rula, siku hiyohiyo nikavichomeka kwenye ndoo zenye udongo mweusi na samadi, namwagilia asubuhi na jioni. Leo wiki ya tatu, viwili nikivibonyeza kwa chini vinatoa maji na harufu kama muhogo uliovundikwa, kimoja kipo tu hakisemi kitu, na kile chenye kichwa bado kigumu ila majani ya chini yanageuka njano. Nimekosea wapi? Maana muhogo si tunakata tunachomeka tu?

mkulima_wa_jioni
Dada umeiua kwa maji. Hiyo kitu kwao ni Meksiko na Guatemala, shina lake lenyewe ni tangi la maji, sasa wewe unachukua kidonda kibichi unakizika kwenye samadi afu unamwagilia kutwa mara mbili, kitaachaje kuoza? Ukishakata laza kivulini siku tano mpaka wiki, kidonda kikauke kishike ngozi, ndio upande.

bonge_la_tabata
Chuma majani upike kisamvu yaishe 😂 yuka si ndio muhogo wa Wazungu?

mkulima_wa_jioni
@bonge acha hizo, utalaza watu hospitali. Muhogo Amerika ya Kusini wanauita yuca, c moja, hii ina c mbili na hata undugu hawana.

laizer_ar
Mimi huku Arusha nakata nachomeka palepale, sijawahi kukausha na zinashika.

shangazi_miche
@laizer wewe unachomeka ardhini tena kiangazi, maji yanakwenda zake. Ndoo ni habari nyingine. Mama, ndoo umezitoboa?

mama_kibaraza
Jamani... ni ndoo za rangi, hazina hata tundu moja 🙈

shangazi_miche
Haya, ng'oa vyote leo. Vile viwili anza kukata kwa chini kidogokidogo mpaka ukute nyama nyeupe ngumu, ukiona duara la kahawia katikati endelea kupanda juu, kikiwa kahawia mpaka mwisho tupa. Msumeno ufute na spiriti kila ukikata maana uozo unahama nao. Chenye kichwa punguza majani, bakiza kama nane ya juu, hakina mizizi kitayalishaje yote hayo? Ukirudia kupanda weka mchanga wa kujengea nusu kwa nusu na udongo, samadi iache mpaka kishike, mwagilia mara moja halafu usiguse mpaka uchome kidole ukute pakavu. Juu palipokatwa dondoshea nta ya mshumaa. Na usiking'oeng'oe kuchungulia mizizi, mwezi mpaka miwili ni kawaida, kwenye baridi zaidi. Kile kilichonyamaza uliweka alama upande wa chini?

mama_kibaraza
Sikuweka, na vipande vyote vinafanana 😩

shangazi_miche
Basi usibahatishe, kilaze ubavu, nusu ndani ya udongo nusu nje, kitachipua kinakotaka chenyewe. Na kisiki je? Hicho ndio mali yako, shina likikatwa kichwa huwa linatoa vichwa viwili vitatu pembeni.

mama_kibaraza
Nimerudi wakuu. Kimoja kahawia mpaka juu, nimetupa. Cha pili nimeokoa kama shubiri moja, kiko dirishani kinakauka na alama ya kalamu nimekichora kabisa. Kisiki nimekimulika na tochi, chini kidogo ya nilipokata kuna kitu kama chunusi ya kijani, sijui ndio chenyewe?

shangazi_miche
Ndio chenyewe. Usikichokonoe.