Jaji wa mdahalo kapokea simu katikati ya hotuba yangu, halafu kaninyooshea KIDOLE nisubiri!!!

Wakuu, nimeshuka kwenye daladala sasa hivi, viatu sijavua, acha niandike kabla presha haijashuka.

Yule mheshimiwa mnamjua. Simtaji. Yule wa koti la kaki lenye mifuko ya kutosha kuhamia nayo, anayeingia ukumbini mada ikiwa imeshasomwa, anatembea utadhani anakagua gwaride. Kila aliyewahi kushiriki mdahalo wa vyuo ameshakutana naye.

Raundi ya tano leo, jaji mkuu ni yeye. Mada: Bunge hili litapiga marufuku matangazo ya kamari za michezo. Timu nne chumbani: mbili Serikali zinatetea mada, mbili Upinzani zinapinga. Sisi Serikali ya pili. Dakika 15 za maandalizi tumekaa chini ya mwembe, SIMU TUMEZIMA kama kanuni inavyotaka, mwenzangu anaandika mpaka kwenye kiganja. Shikeni hapo kwenye simu.

Nasimama, nina dakika saba. Mtunza muda kagonga meza ya dakika ya kwanza, sasa ruksa kunikatiza kwa swali, upinzani wanaruka, "Taarifa! Taarifa!", nawakalisha wote. Nimefika kwenye hoja yenyewe, ile ya kijana anayebeti mpaka nauli ya kurudi nyumbani. Ukumbi kimya. Ndipo simu ikaita. Singeli, sauti ya mwisho. Nikajua anaizima.

AKAPOKEA.

Akaninyooshea kidole. Kile cha shahada. Nisubiri! "Haloo? Mwambie fundi asimwage zege mpaka nifike."

Wakuu, nimesimama pale nasikiliza habari za zege. Kokoto zimekuja nusu. Mchanga una chumvi. Chumba kizima tunajua nondo zake ni milimita 12. Mtunza muda kagonga dakika ya sita, mtu bado yuko kwenye kokoto na kidole kiko juu! Mkono hauchoki? Mimi ningekuwa nimeshaomba kiti.

Akakata simu, "Endelea tu dada, nakusikia." Nimebakiwa na sekunde za kusema asanteni.

Halafu kwenye maoni ya majaji: "Mzungumzaji wa tano, hoja yako haikuwa na msingi." Msingi!! Mwenye zege anasema sina msingi!

Kibanio: Pole dada. Mlikuwa wa ngapi?

Mleta uzi: Hiyo siyo mada.

Kibanio: Wa nne 😂😂😂

fundi_mkude: Nondo za 12 nyumba ya kawaida ya chini ziko sawa. Huo mchanga wa chumvi ndio aukatae, nondo zitaliwa na kutu. Jamaa alikuwa na dharura ya kweli.

Mleta uzi: Dharura gani! Atoke nje! KIDOLE mkuu, mbona hamzungumzii kidole?

Hakimu Mstaafu: Binti, nani alikuambia usimame? Saa ni ya mzungumzaji, ungeendelea kuongea. Isitoshe jaji mkuu hapangi peke yake, anakaa na wenzake wa pembeni, wanajadiliana nani wa 1 mpaka wa 4. Hao wengine walikusikia.

Mleta uzi: Wenzake! Mmoja alikuwa amesinzia, mwingine anamwonyesha mheshimiwa kwa vidole bei ya mfuko wa saruji.

Pilau Kavu: Mashindano ya dunia ya mdahalo ya vyuo vikuu yameshafanyika Gaborone mwaka 2011 na Cape Town mwaka 2019. Siku yakija hapa huyu mheshimiwa atawanyooshea kidole watu wa Oxford mpaka wakose ndege ya kurudi.

Serikali Moja: Nimevumilia, sasa basi. Mimi nilikuwa chumba hichohicho, Serikali ya kwanza. Mleta uzi usijifanye malaika. Sisi tumesema marufuku KABISA, nyinyi upande wetu huohuo mnasimama mnasema matangazo yabaki usiku. Mnaongeza hoja au mnatupindua? Upinzani walikuwa wanacheka mpaka wanashikana.

Mleta uzi: Tuliboresha.

Serikali Moja: Mlituzika. Simu ya zege iliwaokoa, ungeendelea ungetupinga mpaka salamu.

Kibanio: 🍿

mama_Tabu: Afadhali nyie mna kidole. Mwenzangu mimi alitoka kwenye maandalizi kwenda "kujisaidia mara moja", akarudi zimebaki dakika mbili na chipsi mayai mkononi. Ananiuliza, "Kwani sisi tunapinga au tunatetea?" Nilitaka nimpige na kamusi.

Pilau Kavu: Alikuachia kidogo?

mama_Tabu: Hata kachumbari.

Njaa Kali: Kwani chakula cha washiriki leo kimeliwa na nani? Kuponi ninayo, wali umeisha, maharage yamebaki mchuzi. Majaji kule ndani kuku. Kuna mtu ameliona hilo au mnaona vidole tu?

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. KIDOLE.

Mzee wa Fomu Tuu: Midahalo yenu imeharibika kwa kuiga. Enzi zetu ni Ijumaa mchana, ukumbi bwalo, unaanza "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, wapinzani wangu wasio na hoja", watu wanapiga meza. Mada moja tu miaka yote: maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Sikuwahi kushindwa.

Njaa Kali: Ulikuwa upande gani?

Mzee wa Fomu Tuu: Kijijini, kwa sababu ni ukweli. Mjini unanunua mpaka maji.

fundi_mkude: Kijijini kwenu kuna maji ya kununua?

Mzee wa Fomu Tuu: Kuna kisima.

mama_Tabu: Na wewe unaishi wapi sasa hivi, mzee?

Mzee wa Fomu Tuu: Tabata, Dar. Lakini ni kwa ajili ya kazi.

Kibanio: Umeshastaafu wewe 😂

Pilau Kavu: Mimi natetea mjini. Kijijini ukikohoa saa mbili usiku, asubuhi ukoo mzima unakuletea dawa.

Mzee wa Fomu Tuu: Taarifa!

Pilau Kavu: Siipokei.