Maproduza wa home studio mnaua nyimbo za watu kwa maltibendi msiyoijua, halafu mnadai hela kamili!

Wakuu habari za muda huu,

Nimevumilia sana ila leo imetosha, mods wakitaka kuufuta uzi waufute lakini nitakuwa nishasema. Mimi kazi yangu ni miksi na masta, yaani kupanga sauti za wimbo na kuumalizia baada ya kurekodiwa, hapa Dar, sina studio kubwa, nina chumba, spika mbili za maana na masikio yangu, hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Sasa kila mara napokea faili la mtu, kijana wa watu kajibana kalipa studio, kaambiwa wimbo umeisha "peleka tu kwa mtu wa masta aguse kidogo", nafungua nakuta wimbi la sauti limekuwa kama tofali. Limejaa kuanzia sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, hakuna panapopanda hakuna panaposhuka. Niguse nini hapo sasa?

La juzi ndo limenimaliza kabisa. Dada mmoja ana sauti yenye taarabu ndani yake, kaimba wimbo wa taratibu, gitaa, bezi, ngoma kidogo. Beti anaimba kwa chini, kiitikio anafunguka, wimbo wote umejengwa juu ya huo mpando. Kwenye faili alilopewa beti na kiitikio vina ukubwa uleule! Ile pumzi anayovuta kabla ya kiitikio ni kubwa kuliko neno linalofuata. S zinachoma sikio. Na feni ya studio inasikika, yaani akinyamaza feni inapanda, akiimba feni inazama, akinyamaza inapanda tena, wimbo mzima. Nikampigia produza kwa heshima zote nikaomba stemu, yaani kila sauti na ala kwenye faili lake peke yake, kanijibu "braza mimi siweki mavitu mengi, nimeweka Soundgoodizer tu kwenye masta nikazungusha mpaka ikakaa". Masta hapo ni ile njia ya mwisho anapopita wimbo mzima. Stemu hana, projekti kaifuta eti kompyuta ilijaa.

Nikazungusha mpaka ikakaa!! Unajua ulichozungusha wewe?

Haya kwa wasiojua, Soundgoodizer ni ile plagini ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, yenye kitufe kimoja kikubwa na herufi A, B, C, D. Watu wanaiona ndogo wanadhani ni kirembesho. Ile ndani yake inaendeshwa na injini ya Maximus, na Maximus ni kompresa ya maltibendi, yaani inabana sauti ikiwa imekatwa bendi tatu, chini, kati, juu, halafu mwisho kuna bendi ya masta inayobana zote kwa pamoja. Kwa hiyo ukigusa hicho kitufe umewasha kompresa kadhaa kwa mpigo, tresholdi (pale inapoanza kubana) hujaziona, reshio (inabana kiasi gani) hujazichagua, ataki na rilizi (inashika na kuachia upesi gani) alishaziweka mtu ambaye wimbo wako hajawahi kuusikia. Kwa nini sasa inaonekana tamu? Kwa sababu inapandisha sauti, na sikio la binadamu ukilipigia kitu kilekile mara mbili, cha pili kikizidi hata desibeli moja au mbili tu, litakwambia cha pili ndo kizuri. Jaribu siku moja kuishusha feda (kile kitelezi cha sauti) mpaka ilingane na ile ya mwanzo ndo ulinganishe. Hamfanyi hivyo, hata mmoja sijamwona.

Tuanze chini kabisa maana naona wengi hata kompresa ya kawaida hamuijui, na hapa siongelei MP3 na saizi ya faili, hayo ni mambo mengine. Kompresa inapunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, basi. Chukua huyo dada, tuseme beti anaimba kwenye desibeli -24 na kiitikio kwenye -8 (ikikaribia sifuri ndo kubwa), tofauti desibeli 16. Ukaweka tresholdi -16, reshio 4 kwa 1. Beti haijafika kwenye tresholdi kwa hiyo haiguswi. Kiitikio kimevuka kwa desibeli 8, kwenye 4 kwa 1 zinabaki 2, kinatoka kwenye -14. Tofauti imekuwa 10. Hapo bado wimbo una uhai na sauti inakaa vizuri juu ya ala, hiyo ni kazi nzuri kabisa na mimi naifanya kila siku. Kisha unarudisha geini, yaani unapandisha sauti yote, desibeli 6 ili kiitikio kirudi -8, sawa, lakini zile 6 zimepandisha kila kitu kilichokuwa chini, pumzi, mate mdomoni, bodaboda inayopita nje, FENI. Sasa wewe umeweka kompresa kwenye vokali, ukaweka nyingine kwenye basi la vokali (njia wanapopita waimbaji wote), ukaweka na masta, kila moja na geini zake 6. Feni imepanda desibeli 18 pale anaponyamaza! Halafu unamwambia msanii maiki yake mbovu.

Ataki nayo ni janga. Kiki, ile ngoma kubwa ya chini, ina ule mshindo wa mwanzo unaokugonga kifuani, unaisha ndani ya milisekunde chache. Weka ataki milisekunde 1 umeukata huo mshindo, imebaki "buu" isiyo na mwanzo, halafu kwa kuwa kiki haigongi tena unaipandisha, inajaza chini kote, bezi inapotea. Ukiiachia milisekunde 20 au 30 mshindo unapita kwanza ndo kompresa inashika. Na nyie wa plagini za kuiga 1176, ile kompresa ya mwaka 1967 ambayo kila mtu anayo ya kupakua, soma kidogo basi, kwenye ile kitufe cha ataki kimegeuzwa, 7 ndo kasi ya mwisho kabisa, microsekunde 20, na 1 ndo taratibu. Wangapi humu mmeiweka 7 mkiamini mmeipa nafasi ngoma?

Rilizi ndo hamuigusi kabisa, inabaki ilivyokuja. Gawanya 60,000 kwa BPM (mapigo kwa dakika) upate urefu wa pigo moja kwa milisekunde, hesabu ya darasa la tano hiyo. Wimbo wa BPM 100 pigo ni 600. Singeli inayokimbia 240 pigo ni 250 tu. Umeweka rilizi 400 kwenye singeli, kompresa haijamaliza kuachia kiki ya pili imeshafika, haiachii mpaka wimbo unaisha, kwa hiyo hapo hujabana chochote, umeshusha sauti tu na kuiharibu ukadhani umefanya kazi.

Sasa maltibendi. Ilikuja kwa sababu ya maana kabisa. Ukiweka kompresa moja kwenye wimbo mzima, kiki inayopiga pale hezi 50 au 60 ndo yenye nguvu kuliko wote, kila ikipiga kompresa inashusha kila kitu, mwimbaji naye anazama, kiki ikipita anaibuka. Wimbo unahema. Ndo wakasema tukate sauti vipande kwa krosova, mfano chini ya hezi 120 peke yake, katikati mpaka kilohezi 4, na juu yake, kila kipande na kompresa yake, kiki ikipiga inabanwa huko chini huko mwimbaji hasumbuliwi. Safi sana.

Ila kuna gharama ambayo hamuambiwi kwenye zile tutorio za dakika tano. Mwimbaji haishi kwenye bendi moja! Uzito wa sauti yake uko hezi 200 mpaka 400, maneno yanaeleweka kilohezi 2 mpaka 5, S na SH ziko 5 mpaka 8 huko. Ukiweka bendi tatu zote zinabana kwa nguvu, kila moja inapanda na kushuka kwa wakati wake, rangi ya sauti ya mtu inabadilika neno hadi neno. Hapa nene, hapa nyembamba, hapa imeziba pua. Ni ekolaiza inayojichezea yenyewe huku umelala. Gitaa la bezi vilevile, noti ya chini kabisa ya bezi ya nyuzi nne ni hezi 41, lakini kinachokufanya uisikie kwenye simu ni zile sauti za juu yake zilizoko kwenye bendi ya kati, wewe bendi ya chini umeibana mpaka imekufa na ya kati umeiacha, mpiga bezi akipanda noti bezi inageuka chombo kingine. Mpiga bezi aliyepiga kwa vidole vyake mwenyewe akisikia anauliza nani huyo kapiga! Na krosova za kawaida zinasogeza fezi (mawimbi yanachelewana kidogo) pale zinapokata hata kama kompresa zenyewe hazijabana kitu, yaani umeiweka tu "ikae hapo" na tayari imegusa wimbo.

Wanaojua wanaitumia pale palipo na tatizo. Mwimbaji kasogelea maiki kwenye maneno mawili matatu sauti ikavimba hezi 200, basi unawasha bendi hiyo MOJA, inashuka desibeli 2 au 3 kwenye hayo maneno tu, kwingine imelala haigusi kitu. S zinachoma, unashika bendi ya juu peke yake, na hicho ndicho di-esa inachofanya. Noti moja ya bezi inaruka kuliko wenzake, unaishika. Kama hujui unatibu nini usiiwashe, na kama kila bendi inashuka desibeli 10 muda wote basi tatizo liko kwenye miksi, rudi ushushe feda.

Najua utetezi wenu, "bila hivyo wimbo utakuwa mdogo kwenye mitandao". Spotify kwa kawaida inaweka nyimbo zote kwenye -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. YouTube nayo inashusha zilizozidi. Umebana wimbo mpaka -6, watakushushia desibeli 8, utalingana ukubwa na yule aliyeacha wake upumue, tofauti ni kwamba wake kiki inagonga na wako umelala chali. Umeua wimbo bure kabisa. Redio ndo usiseme, vituo vya FM dunia nzima vina prosesa zao kabla ya mtambo wa kurushia, za aina ya Optimod ya Orban ambayo ilianza mwaka 1975, na hizo zenyewe zinagawa sauti bendi kadhaa na kubana. Ukipeleka wimbo uliokwisha kubanwa mara tatu prosesa inaubana mara ya nne, inayotoka ni mikwaruzo tu, halafu mnasema redio wanawabania.

Wala msidhani ni shida ya wasio na hela. Metallica mwaka 2008 walitoa Death Magnetic imebanwa mpaka inakwaruza, mashabiki wakagundua nyimbo zilezile kwenye gemu la Guitar Hero zinapumua vizuri zaidi, maelfu wakasaini kuomba albamu ifanyiwe miksi upya. Bendi yenye pesa zote zile.

Sisemi kompresa ni mbaya, nisinukuliwe vibaya. Wimbo unasikilizwa kwenye daladala na simu ya spika moja, bila kubana kidogo beti ya chini haitasikika kabisa. Na singeli ni habari nyingine, mule kukwaruza ni sehemu ya ladha na anayeibana anajua anachotafuta, nampa heshima yake. Ninachokataa ni kitu kilekile, priseti (mipangilio iliyokuja tayari) ileile, kuwekwa kwenye singeli, kwenye kaswida, kwenye kwaya na kwenye wimbo wa huyu dada, bila mtu kusikiliza kwanza.

Wasanii mnaosoma, kabla hujamaliza kulipa dai vitu vyako. Stemu zote, WAV, biti 24, zote zianzie sekunde sifuri. Miksi isiyo na limita (kompresa kali inayozuia vilele visivuke) wala chochote kwenye masta, vilele vikae kwenye -6 hivi, na mwambie aangalie kweli, maana FL Studio ina templeti inayofunguka na limita tayari kwenye masta na wengine hawajui hata kama ipo. Usikubali kutumiwa WhatsApp kama audio, akuwekee kwenye flashi au Drive. Akikwambia projekti imefutika hela iliyobaki usitoe, maana hapo hujanunua wimbo, umenunua makosa yasiyorekebishika.

Na produza yeyote humu anayeona namwonea aweke hapa miksi yake matoleo mawili, moja na Soundgoodizer na moja bila, feda zikalinganishwe ukubwa, asiandike ipi ni ipi. Wadau wasikilize kwa hedifoni waseme. Nasubiri.